Mchezo Uliofungwa Wateja Wangali Mlangoni

Mfanyabiashara akifunga duka kwa sababu bidhaa zake hazinunuliwi, hakuna amshangaaye. Linalostaajabisha ni pale anapofunga mlango ilhali wateja wangali wamesimama nje na fedha mikononi. Jambo la namna hiyo lilitokea nchini Uingereza mwezi wa Januari mwaka 2008. Kampuni iitwayo Games Workshop, yenye makao yake makuu katika mji wa Nottingham, ilitangaza kukifunga kitengo chake cha Black Industries, kilichokuwa kikichapisha vitabu vya michezo ya uhusika. Siku chache tu kabla ya tangazo hilo kitengo hicho kilikuwa kimetoa kitabu kipya, Dark Heresy, ambacho wachezaji walikuwa wamekisubiri kwa miaka mingi, na nakala zake zilinunuliwa upesi mno. Wengi walikuwa hawajamaliza hata kukisoma walipoarifiwa kwamba mchapishaji wake anaondoka. Vitabu vichache vilivyokuwa tayari njiani vingetolewa, kisha basi.

Huenda ndugu msomaji akauliza: habari za michezo ya Wazungu zatuhusu nini? Zatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, michezo hii imeenea duniani, na wazazi wenye watoto wanaosoma au kuishi Ulaya na Marekani watakutana nayo, kama bado hawajakutana nayo. Ni vyema mzazi aijue kabla hajaulizwa. Pili, ndani ya kisa hiki mna mafunzo ya biashara, ya haki ya mali ya akili, na ya jinsi watu wanavyokaa pamoja nyumbani.

Mchezo wa maneno

Michezo ya uhusika haifanani na karata wala drafti. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa kiongozi, naye ndiye ajuaye kisa kinaelekea wapi. Kila mmoja wa waliobaki humchukua mhusika mmoja, na sifa za mhusika huyo huandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, wepesi wake, ufasaha wake, na mali aliyo nayo. Kiongozi huanza kusimulia: mmefika kivukoni usiku, mwenye mashua amekataa kuwavusha, na nyuma yenu mnasikia vishindo vya farasi. Mtafanyaje? Hapo mmoja atambembeleza mwenye mashua, wa pili atataka kumlipa maradufu, na wa tatu ataona heri wajifiche vichakani.

Pale ambapo jambo laweza kwenda huku au kule, hutupwa dadu. Katika mchezo wa Warhammer, mhusika ambaye kipimo cha ufasaha wake ni 31 hufanikiwa iwapo dadu mbili zenye pande kumi kumi zitatoa hesabu isiyozidi 31 kati ya 100. Baada ya hapo kiongozi huendelea na kisa kwa kufuata matokeo hayo. Hakuna timu inayotwaa kombe mwishoni. Kisa chaweza kuchukua jioni moja, au kikaendelea kila wiki kwa mwaka mzima.

Aliyekulia kwenye mkeka wa bibi, akiitikia "Pakawa" kila aliposikia "Paukwa", hatapata taabu kuielewa ladha ya mchezo huu. Tofauti ni kwamba kwenye mkeka ule hadithi ilikuwa ya bibi peke yake, nasi tukisikiliza. Kwenye meza hii wasikilizaji nao humo ndani wamo, na uamuzi wao hugeuza mwisho wa hadithi.

Kutoka mbao za bao hadi vinyago

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 nchini Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu.

Mwaka uliofuata, jijini London, vijana watatu, John Peake, Ian Livingstone na Steve Jackson, walianzisha Games Workshop. Hawakuanza na michezo ya uhusika. Walianza kwa kuchonga mbao za michezo ya kale, miongoni mwake michezo ya mashimo na kete iliyo jamaa moja na bao tunalocheza vibarazani mwetu. Baadaye Livingstone na Jackson wakauona mchezo ule wa Marekani, wakaupenda, wakapewa haki ya kuuuza Ulaya. Peake, ambaye mapenzi yake yalikuwa katika useremala, aliwaaga akaenda zake. Mwaka 1977 walianza kutoa jarida la White Dwarf, na mwaka 1978 wakafungua duka lao la kwanza huko Hammersmith.

Mwaka 1983 kampuni ilitoa mchezo wake yenyewe, Warhammer, ambao ni mchezo wa vita unaochezwa kwa majeshi ya vinyago vidogo vinavyopakwa rangi kwa mkono. Miaka mitatu baadaye ukafuata mchezo wa uhusika uliotumia ulimwengu uleule. Mchezo huo ulikuwa na sifa iliyowafanya watu waupende hadi leo: mashujaa wake hawakuwa wana wa wafalme. Mchezaji aliweza kujikuta ni mkamata panya mwenye mbwa wake mdogo mkali, au nahodha wa mtoni, au karani, au mtumishi wa nyumbani. Watu wadogo wenye woga na njaa walitupwa katika mambo makubwa kuliko wao, na ikawapasa watumie akili kwa kuwa nguvu hawakuwa nazo.

Mtoto wa kupelekwa kwa jirani

Pamoja na kupendwa huko, mchezo huo haukukaa sana mikononi mwa mzazi wake. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikabidhiwa kitengo kidogo kilichoitwa Flame Publications, nacho hakikudumu. Mwaka 1995 haki ya kuuchapisha ilipewa kampuni ndogo ya Hogshead Publishing, iliyoutunza kwa uaminifu hadi ilipofunga kazi mwaka 2002. Mwaka 2005 Games Workshop iliurudisha nyumbani kwa kupitia Black Industries, na toleo la pili likatoka. Miaka mitatu baadaye ndipo lilipokuja tangazo tulilolitaja mwanzo.

Haki hiyo ilihamia tena, safari hii kwa Fantasy Flight Games ya Minnesota, Marekani. Waliuendeleza mchezo, wakatoa toleo la tatu mwaka 2009, na wakaongeza vitabu vingi juu ya Dark Heresy. Kisha mkataba nao ukafika ukingoni. Ilitangazwa kwamba kuanzia tarehe 28 Februari 2017 bidhaa hizo hazingeuzwa tena na kampuni hiyo. Kazi ya miaka minane na zaidi iliondolewa kwenye orodha ya mauzo kwa siku moja, kwa kuwa mwenye ulimwengu ule alikuwa mwingine. Mwaka 2018 toleo la nne lilitolewa na kampuni nyingine, Cubicle 7.

Nao Fantasy Flight Games, waliowahi kuwa wapokeaji wa yatima huyu, yaliwafika yaleyale. Mwanzoni mwa mwaka 2020 waliachana na kitengo chao cha michezo ya uhusika, na kampuni mama ya Asmodee ikaihamishia kazi hiyo kwa Edge Studio.

Hesabu ya duka

Kwa nini mtu mwenye akili aache kitu kinachouzika? Maelezo ya Games Workshop mwaka 2008 yalikuwa kwamba wanataka nguvu zao za uchapishaji ziende kwenye riwaya, ambazo zilikuwa zikifanya vyema sana wakati huo. Maelezo hayo hayakuwa kisingizio. Ukiketi na kalamu na karatasi utaona mantiki yake.

Kitabu cha mchezo wa uhusika ni kazi nzito. Chahitaji waandishi, wachoraji, wahariri, na watu wa kuujaribu mchezo ili kanuni zisigongane. Kikisha kuchapishwa, mara nyingi hununuliwa na mmoja tu kati ya wachezaji watano, yaani yule kiongozi. Wanne waliosalia huazima. Na aliyekwisha kukinunua anaweza kukitumia miaka ishirini bila kurudi dukani. Riwaya, kwa upande wake, huandikwa na mtu mmoja, na kila msomaji hutaka nakala yake. Akimaliza ya kwanza huulizia ya pili. Vinyago navyo hununuliwa bila kikomo, maana hakuna jeshi linalosemekana limetimia.

Kwa hiyo swali ambalo kampuni kubwa hujiuliza silo "je, hiki chatuletea faida?" Hujiuliza "je, fedha hii na watu hawa wangetuletea faida zaidi mahali pengine?" Kitu chema chaweza kuuawa na kilicho chema zaidi katika daftari la hesabu. Vijana wetu wanaoanza biashara hawana budi kulifahamu hilo, hasa wanaotegemea mteja mmoja mkubwa au kampuni moja inayowapa kazi. Kufanya kazi nzuri si dhamana kwamba mwenye mali hatabadili nia.

Fundisho la pili ni juu ya anayejenga katika kiwanja cha mtu. Kampuni zilizopewa haki ya kuuchapisha mchezo huu ziliandika visa, zikachora ramani, zikawapa miji majina na watu wake tabia. Lakini mkataba ulipokwisha, yaliyojengwa yalibaki kwa mwenye kiwanja. Nao waandishi wa kazi hizi kwa kawaida hulipwa kwa idadi ya maneno, na haki yao huishia hapo. Hakuna dhuluma ya kisheria katika hilo iwapo kila upande uliridhia mwanzoni. Ila mtunzi, mchoraji au mwimbaji wa kwetu anayewekewa mkataba mezani, na ausome mpaka mstari wa mwisho, hususan ule unaoeleza nini kitatokea siku ya kuachana.

Yampasayo mzazi kuyajua

Si haki kusifu upande mmoja tukanyamazia wa pili. Ulimwengu wa Warhammer ni wa giza. Umejaa vita, uchawi, mashetani na miungu ya kubuni, na vitabu vyake vingi havikuandikwa kwa ajili ya watoto. Suala la dadu nalo si dogo katika nyumba zetu. Wanazuoni wamelizungumza, na mwenye shaka awaulize hao. Iko pia michezo ya uhusika isiyotumia dadu, na ipo yenye visa vya safari, upelelezi au maisha ya wanyama, isiyogusa uchawi hata kidogo. Mzazi anayetaka kujua, na akiombe kitabu, akifungue, akisome mwenyewe.

Kusoma mwenyewe ni bora kuliko kutishika kwa uvumi. Katika miaka ya 1980 huko Marekani ilizuka hofu kubwa juu ya michezo hii, pakadaiwa kwamba inawasukuma vijana kujidhuru. Waliolichunguza jambo hilo baadaye hawakupata ushahidi wa madai hayo. Vijana wengine walikuwa na huzuni zao kabla ya kuijua michezo, na pengine lililowapunguzia mzigo ni zile saa walizoketi na wenzao.

Kisichofungika

Kuna jambo moja ambalo tangazo la Januari 2008 halikuweza kulifanya. Halikuweza kuingia nyumbani kwa mtu na kumnyang'anya kitabu. Walionunua toleo la mwaka 1986 wangali wanaweza kulitumia usiku wa leo. Wachezaji wengi waliendelea na visa vyao kila mchapishaji alipoondoka, wakiandika wenyewe yaliyopungua. Na katika miaka yote ambayo mchezo ulipita kutoka mkono huu kwenda ule, waliouweka hai ni wale waliokuwa wakikutana kila wiki.

Linganisha na michezo mingi ya kompyuta ambayo watoto wetu huicheza leo kwa kupitia intaneti. Kampuni ikizima mitambo yake, mchezo wote hutoweka, pamoja na fedha alizotumia mtoto kuununulia silaha na mavazi. Hakuna kilichobaki cha kushika. Na alipokuwa akicheza, kwa kawaida alikuwa peke yake chumbani, uso kwenye kioo.

Hapa ndipo kisa cha Nottingham kinapotufikia vibarazani. Bao halina mchapishaji, wala vitendawili havina leseni. Hadithi za bibi hazikuwahi kutangaziwa tarehe ya mwisho wa mauzo. Hata hivyo, katika nyumba nyingi zimenyamaza, ingawa hakuna kampuni iliyozifunga. Tumezifunga wenyewe, kidogo kidogo: jioni moja baba akiwa na simu yake, mama na yake, na watoto na zao, kila mmoja katika pembe yake ya chumba.

Hatuhitaji kuagiza kitabu kutoka ng'ambo ili tuirudishe meza yetu. Baada ya chakula cha usiku wiki hii, simu na ziwekwe kando kwa saa moja. Mkubwa mmoja na aanze kisa: mmefika kivukoni usiku, na mwenye mashua amekataa kuwavusha. Kisha amgeukie aliye mdogo kuliko wote pale alipo, amwulize: wewe ungefanyaje?