Mzee Amesahau, au Swali Ndilo Lililokosea?

Katika vijiji vya miteremko ya Uluguru, mzozo wa mpaka wa shamba ukizuka, mara nyingi anayetafutwa kwanza si mpima ardhi bali bibi au babu wa ukoo. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya ardhi ya milimani imerithiwa kwa njia hiyo. Ajuaye nani alipewa kipande kipi, na mpaka ulipita kwenye mti upi, ni mzee mwenye kumbukumbu. Penye wazee, wahenga walisema, haliharibiki neno.

Kwa hiyo familia inapomleta zahanati bibi wa miaka 85 na kusema, "Siku hizi anasahau," jambo lililo mbele ya mhudumu si dogo. Akimwona mgonjwa ilhali ni mzima, huenda neno la bibi lisisikilizwe tena katika kikao cha ukoo. Akisema "ni uzee tu" ilhali anaugua, bibi atakosa matunzo, na tabia zake ngeni huenda zikatafsiriwa kuwa uchawi. Katika makosa yote mawili, anayeumia ni yeye.

Kipimo cha darasani

Kipimo cha akili kilichoenea sana duniani kilichapishwa Marekani mwaka 1975 na Folstein na wenzake. Kina alama 30. Mtu huulizwa tarehe, hutakiwa kutoa 7 katika 100 na kuendelea kutoa, huandika sentensi, kisha hunakili michoro miwili ya pembe tano iliyoingiliana. Aliyeshika kalamu tangu utotoni haoni uzito. Lakini mzee ambaye hakupata nafasi ya kusoma hupoteza alama hata akiwa mzima kabisa. Hapo kinachopimwa ni shule, si ubongo.

Njia inayofaa zaidi ilitafutwa hapa hapa Tanzania. Katika vijiji 6 vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwafikia wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na dimensia, yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na fikra hadi mtu kushindwa shughuli zake za kila siku. Kutokana na kazi hiyo kiliundwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014, chenye alama 15 na kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, na nani kiongozi wa mahali pake. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika 1, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, na hukumbuka maneno 10 aliyosomewa muda mfupi kabla.

Kwa mkazi wa Uluguru, ambako vijito hushuka kuelekea Ngerengere, Mgeta na Ruvu, daraja si fumbo.

Umri na matuta

Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Umri wao hukadiriwa kwa matukio. Uluguru ina tukio lisilosahaulika: mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta, uliozaa ghasia za Matombo mwaka 1955. Mhudumu aweza kuuliza, "Wakati wa matuta, bibi, ulikuwa mtoto, mwali, au ulikwisha kuolewa?" Aliyekuwa na miaka 15 wakati huo alizaliwa karibu na mwaka 1940.

Hata hivyo, kusimulia vizuri habari za 1955 si ushahidi kwamba hakuna ugonjwa. Mara nyingi dimensia huanza kwa kufuta mambo ya jana na kuyaacha ya zamani. Huenda bibi asikumbuke alichokula asubuhi, lakini mipaka ya ukoo bado akaijua barabara. Tusimnyang'anye anachokijua kwa sababu ya alichokisahau.

Kabla ya kuhesabu alama

Mwamkie kwa heshima, kaa mahali penye mwanga, zungumza bila haraka. Chunguza nta ya masikio na mtoto wa jicho, kwani asiyesikia swali hawezi kulijibu. Kama anafikiri kwa Kiluguru, mpate mkalimani asiyemjibia.

Kisha uliza hali ilianza lini. Mkanganyiko uliozuka kwa saa au siku chache ni dharura: huenda ni malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa alizopewa. Usahaulifu uliokuja polepole nao waweza kutokana na sonona, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende au VVU, na mengi ya hayo yana tiba.

Mwisho, wasikilize walio naye nyumbani. Je, bado anatambua noti za fedha? Anaacha chungu kiungue? Amewahi kupotea akitoka shamba alilolilima miaka 40? Mlinganishe na alivyokuwa yeye mwenyewe, si na jirani yake.

Alama ndogo haitoshi kutangaza ugonjwa; humpeleka mzee kwenye uchunguzi kamili, na kipimo kile kile kikirudiwa baada ya miezi kadhaa huonyesha mwelekeo. Ikithibitika ni dimensia, tiba ya kuiponya bado haipo, lakini matunzo yapo: kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, ratiba isiyobadilikabadilika, usalama karibu na moto, na zamu za kumpumzisha anayemtunza.

Nanyi wanafamilia, mzee akiulizwa, msimjibie. Mpeni muda. Jibu linalochelewa nalo ni jibu.