Super 8 Juani: Tatizo Liko Kwenye Tundu

Anayepiga filamu ya Super 8 saa sita mchana huogopa picha kuungua. Hofu hiyo ina msingi, lakini mara nyingi kinachompata ni kingine, na hakionekani mpaka filamu isafishwe: mwanga umekaa sawa, rangi zipo, ila picha haina ukali. Lawama huiangukia lenzi.

Tupige hesabu. Kamera nyingi za mfumo huu, ulioletwa na Kodak mwaka 1965, hukimbiza fremu 18 kwa sekunde, na kila fremu hupata mwanga kwa takriban 1/40 ya sekunde. Kwa mwendo huo wa fremu, muda huo, kwa kamera nyingi, haubadilishiki. Filamu ya Kodak 200T ni ya mwanga wa taa. Ikipigwa juani kwa filta ya chungwa, kasi yake hushuka hadi ISO 125. Kanuni ya zamani husema: jua likiwaka, weka tundu la lenzi kwenye f/16 na shata ilingane na kasi ya filamu. Hapa shata inakawia mara tatu hivi, kwa hiyo panahitajika karibu f/27. Lenzi isiyofika huko ndiyo inayounguza. Inayofika, ikiwa ya milimita 10, hubakiwa na tundu lisilotimia milimita 0.4. Mwanga ukipenya tundu dogo hivyo hutawanyika, na fremu yenyewe haifiki milimita 6 kwa upana. Ukungu wake hukuzwa ukutani zaidi ya mara mia.

Kipimo cha kamera hakikuonyi. Chenyewe hufunga tundu na kuridhika.

Kwa hiyo punguza mwanga kabla haujaingia. Filta ya kijivu ya ND 0.9 hupitisha 1/8 tu, na tundu hurudi karibu f/9.5. Kama jicho la kipimo liko nje ya lenzi, lifunike nalo kwa filta hiyohiyo, la sivyo kamera haitajua. Afadhali zaidi filamu ya 50D, ya mwanga wa mchana, isiyohitaji filta ya chungwa: kwa ND ileile utapiga karibu f/6. Fremu 36 kwa sekunde nazo hupunguza mwanga kwa nusu, lakini mwendo unakuwa wa kuburuza na katriji inaisha ndani ya dakika mbili. Sioni faida.

Mchanga mweupe wa ufukweni ni mtego mwingine: kipimo huufuata, uso wa mtu unakuwa giza. Kwa filamu za negativu, kama 200T na 50D, karibia, pima uso, shikilia kipimo hicho, rudi upige. Mchanga ukizidi mwanga, negativu huvumilia. Filamu ya Ektachrome, ambayo si negativu, haivumilii. Kwa hiyo msogeze mtu wako chini ya mkungu, na mchanga unaowaka usiingie kwenye fremu.