Je, Wajua? Chakula Kikavu cha Mbwa Huweza Kulowekwa

Chakula kikavu cha mbwa cha dukani kina maji takriban asilimia 10 tu. Cha kopo hufikia asilimia 75 au zaidi. Hivyo mbwa anayekula kikavu awe na maji safi wakati wote, hasa mji wa Mpanda unapokauka kiangazi, Juni hadi Oktoba.

Mbwa mzima mwenye meno imara hahitaji kulowekewa. Wanaofaidika ni watoto wanaoanza kula wakiwa na wiki 3 au 4, wazee waliong'oka meno, na wale wanaokunywa maji kidogo. Tumia maji ya uvuguvugu, subiri dakika 10 hivi punje zilainike. Usiloweke kwa mchuzi wenye vitunguu: huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Kwenye joto, chakula kilicholowa huchacha upesi. Baada ya saa 1, mwaga kilichobaki na uoshe bakuli.

Unampa mbwa ugali na dagaa wa Ziwa Tanganyika? Loweka dagaa wakavu kwanza, watoke chumvi na mchanga. Mahindi yenye ukungu usimpe kamwe: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huharibu ini, na kuloweka au kupika hakuiondoi.