Molekuli Iliyojisaliti

Wajukuu zangu, leo sungura na fisi wapumzike. Nina hadithi ya Wahungaria wawili waliosoma shule moja mjini Budapest, wakakua wakawa vigogo wa hisabati na fizikia, wakatuachia swali ambalo watu hawajaacha kubishania: je, dunia hungoja mtu mwenye fahamu aitazame ndipo iamue iweje?

Kabla hawajaingia, kuna jambo mlione. Mwaka 1989 huko Japani, Akira Tonomura na wenzake katika maabara ya Hitachi walirusha elektroni kuelekea kiwambo cha kuzinasa, wakazipa njia mbili za kupitia. Walizirusha chache chache, hata mara nyingi moja ilikuwa imeshafika kabla nyingine haijatoka. Kila iliyofika iliacha doa moja tu. Doa huku, doa kule, ovyo ovyo, huoni mpango wowote. Wakangoja. Madoa yalipofika maelfu kwa maelfu, mchoro ukajitokeza wenyewe: milia iliyosimama sambamba, penye madoa mengi na pasipo na kitu, penye mengi na pasipo na kitu.

Mawimbi ya maji yakipita kwenye mianya miwili huchora milia kama hiyo, maana wimbi la huku hukutana na wimbi la kule, mahali pengine yakaongezeana nguvu na mahali pengine yakauana. Lakini elektroni ilipita peke yake. Ilikutana na nani? Fizikia ya kwanta haina aibu katika jibu lake: hesabu ya elektroni ile moja inabeba njia zote mbili kwa pamoja, na ni njia hizo mbili zilizokutana. Sasa weka kifaa cha kugundua imepita njia ipi. Milia inatoweka. Ondoa kifaa, milia inarudi.

Naona mmoja wenu ameshanyoosha mkono aseme elektroni inajua kwamba inatazamwa. Shusha mkono kwanza, mwanangu. Watu wenye shahada nyingi kuliko zako walifika hapohapo.

Wa kwanza kati ya wale Wahungaria ni János Neumann, ambaye dunia inamjua kama John von Neumann. Mwaka 1932 alichapisha kitabu kwa Kijerumani cha kuipa fizikia ya kwanta misingi imara ya hisabati, na humo akafuatilia jambo moja kwa ukaidi wa ajabu. Elektroni inagusa kifaa. Kifaa nacho kimetengenezwa kwa atomu, kwa hiyo hesabu ya kwanta inakihusu pia, nacho kinaingia katika hali ile ya njia mbili. Mwanga unatoka kwenye kifaa unaingia jichoni. Jicho nalo ni atomu. Mshipa wa fahamu, ubongo, vilevile. Mahali fulani katika mnyororo huo ile hali ya mambo mawili lazima ikatike libaki moja, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuona mshale wa kifaa ukielekea kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Neumann alionyesha kwamba ukate mnyororo popote upendapo, majibu ya hesabu hayabadiliki. Basi uukate wapi? Mwaka 1939 wanafizikia Fritz London na Edmond Bauer waliandika kijitabu kwa Kifaransa wakaukata kwenye ncha ya mwisho kabisa, kwenye fahamu ya mtazamaji.

Mhungaria wa pili ni Eugene Wigner, aliyemtangulia Neumann shuleni kwa mwaka mmoja. Mwaka 1961 alitunga kisa ambacho wanafizikia hadi leo wanakiita cha rafiki wa Wigner. Rafiki amefungiwa chumbani na kifaa ambacho huenda kikamulika, huenda kisimulike. Wigner yuko nje ya mlango na karatasi yake ya hesabu. Rafiki ameshaona, au ameshaona kwamba hakuna kitu. Lakini karatasi ya Wigner inasema kwamba mpaka mlango ufunguliwe, rafiki yuko katika hali zote mbili: aliyeona na asiyeona. Mlango unafunguliwa. Wigner anamuuliza ulikuwaje kabla sijaingia, na rafiki anashangaa swali lenyewe, maana yeye alishajua alichokiona zamani.

Wigner aliona ni upuuzi kudhani kwamba binadamu mwenzake alikuwa ananing'inia katikati, si ameona si hajaona, akimsubiri yeye. Kwa hiyo akasema: kifaa kinaweza kuning'inia, mtu mwenye fahamu hawezi. Fahamu ndiyo inayokata mnyororo.

Wigner hakuwa mpiga ramli. Mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia, na hoja yake ilikuwa imefungwa vizuri. Mtu wa namna hiyo akisema fahamu inafanya kazi katika fizikia, unakaa kitako unasikiliza.

Halafu akaja kijana wa Heidelberg, Ujerumani, H. Dieter Zeh. Mwaka 1970 alichapisha makala yenye wazo ambalo ukishalisikia unashangaa kwa nini halikusemwa miaka arobaini kabla. Alisema hakuna kifaa kinachokaa peke yake. Kinagongwa na hewa, kinamulikwa, kinatoa joto. Kila mguso wa namna hiyo unachukua habari kidogo ya kilichotokea na kwenda nayo mbali, na habari ikishatawanyika hivyo, zile njia mbili haziwezi tena kukutana zichore milia. Kuku akikatiza kwenye saruji mbichi, nyayo zake zimekaa pale hata kama nyumba nzima imelala. Wenzake wengi walimpuuza Zeh. Mmoja wa wachache waliompa moyo alikuwa Wigner, na hatimaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, Wigner mwenyewe aliiacha hoja yake ya fahamu. Kifaa kikubwa, alikubali, hakiwezi kamwe kutengwa na ulimwengu, na hesabu yake ya nje ya mlango ilikuwa imedhani kwamba kinaweza.

Hayo ni maneno ya karatasini. Ninachokipenda zaidi ni kilichofanyika Vienna, Austria. Mwaka 1999 kundi la Anton Zeilinger na Markus Arndt lilichukua molekuli za atomu 60 za kaboni, zenye umbo la mpira wa miguu wa kushonwa, wakazichemsha kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi na kuzipitisha kwenye wavu wenye mianya midogo isiyoonekana kwa jicho. Milia ikatokea. Kitu cha atomu 60, chenye moto wake ndani, nacho kinabeba njia zaidi ya moja.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, kundi la Vienna likatangaza jaribio jingine kwa molekuli za atomu 70. Safari hii walizipasha moto kwa leza zikiwa njiani. Kitu chochote chenye joto hutoa mwanga, hata usioonekana. Joto likiwa la wastani, mawimbi ya mwanga huo ni marefu mno, hayawezi kufichua molekuli imepita wapi, na milia inabaki. Walipopandisha joto, mwanga uliotoka ukawa wa mawimbi mafupi, na mwanga wa namna hiyo unabeba habari ya mahali ulikotoka. Milia ikaanza kufifia. Wakaongeza joto. Ikafifia zaidi, taratibu, kwa kiwango kilekile ambacho hesabu ilitabiri, hadi ikapotea.

Nani aliyezitazama molekuli zile njiani? Hakuna. Mwanga ule haukunaswa na mtu yeyote. Uliishia kwenye kuta za chombo. Molekuli ilijisaliti yenyewe, na hilo likatosha. Kwa hiyo mkikutana na muuza vitabu anayewaambia kwamba fizikia ya kwanta imethibitisha kuwa ukiwaza gari, gari litakuja, mwambieni aanze na molekuli hii.

John Bell, mwanafizikia wa Belfast, aliwahi kuwatania wenzake: je, ulimwengu ulikaa mabilioni ya miaka ukimngoja kiumbe wa seli moja atokee, au ilibidi asubiriwe mwenye shahada ya udaktari?

Sitawadanganya kwamba swali limekwisha. Zeh anatueleza kwa nini milia inapotea. Lakini hasemi kwa nini, kati ya majibu mawili, tunalipata hili na si lile. Mwanafizikia Hugh Everett alipendekeza mwaka 1957 kwamba yote mawili hutokea, na sisi tunagawanyika nayo. Wengine wanadhani kitu kikiwa kikubwa vya kutosha, hali ya njia mbili hukatika yenyewe, bila joto, bila hewa, bila mtazamaji. Wazo hili la mwisho lina sifa moja ninayoiheshimu: linaweza kupimwa. Kama ni la kweli, ukizidi kukuza molekuli huku ukizuia joto na hewa, kuna ukubwa ambao milia itakataa kutokea. Mwaka 2019 kundi la Vienna lilifika kwenye molekuli za atomu karibu 2000. Milia ilikuwapo.