Baada ya ajali, ushahidi wako unaanza kuoza

Chukua mfano huu. Umebebwa na bodaboda, matatu inakata kona bila indiketa, mnagongwa. Mfupa wa paja unavunjika. Miezi mingi baadaye, ukiwa umeanza kutembea tena, rafiki anakuuliza: "Kwani hukudai fidia?" Wewe unajua ni nani aliyekosea, na watu kibao waliona. Kesi rahisi, sivyo?

Si lazima. Mahakamani, kujua jambo na kulithibitisha ni vitu viwili tofauti. Tuangalie jinsi mambo yalivyo Kenya, halafu tuone kwa nini sayansi inasema usikae sana.

Nani anapaswa kuthibitisha?

Ni wewe unayedai. Habari njema ni kwamba kesi ya madai haihitaji uhakika ule wa kesi ya jinai. Hakimu anapima tu: ni upande gani maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli? Ndiyo maana dereva anaweza kuachiliwa kwenye kesi ya trafiki na bado ukamshtaki kwa madai ukashinda. Kumbe basi usikate tamaa eti kwa sababu polisi hawakumfunga mtu.

Shida ni kwamba mizani hiyo inahitaji kitu cha kuwekwa juu yake. Na vitu hivyo haviishi milele.

Kinachooza kwanza: mwili na barabara

Alama za breki hufutwa na mvua na magari. Jeraha nalo hujifuta. Umewahi kuona chubuko likigeuka kutoka zambarau kuwa kijani, kisha njano? Mwili unavunja himoglobini ya damu iliyovuja: kwanza inakuwa biliverdini, ambayo ni ya kijani, halafu bilirubini, ya njano. Wiki kadhaa zikipita, ngozi inarudi kawaida. Ni jambo zuri kwa afya yako, lakini ushahidi umeenda. Kinachobaki ni kile daktari alichoandika siku ile na picha zilizopigwa mapema.

Kinachooza kimyakimya: kumbukumbu

Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer huko Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa yanaenda kasi gani. Swali lilikuwa moja, kitenzi tu kilibadilishwa. Walioulizwa kwa neno lenye maana ya "kubamizana" walikadiria wastani wa maili 41 hivi kwa saa. Walioulizwa kwa neno la "kugusana" walisema 32 hivi.

Katika jaribio la pili, wanafunzi waliulizwa wiki moja baadaye kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 waliosikia "kubamizana", 16 walisema ndiyo. Kati ya 50 waliosikia "kugongana" tu, waliosema ndiyo walikuwa 7. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Hao hawakuwa waongo. Kumbukumbu haikai kama video kwenye simu. Kila tunapoiita tunaijenga upya, na maneno ya wengine yanaingia humo. Sasa fikiria shahidi wako, baada ya miaka miwili ya stori za kijiweni, akihojiwa na wakili wa upande wa pili.

Saa ya sheria nayo inakimbia

Sheria inajua kwamba ushahidi unaoza, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuweka ukomo. Kenya, madai ya majeraha yanayotokana na uzembe yana miaka 3 tangu ajali. Ukigongwa na gari la serikali, una miezi 12 tu. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu maalumu, lakini usitegemee hilo. Na hapa wengi hunaswa: kuzungumza na kampuni ya bima hakusimamishi saa. Unaweza kuambiwa "tunalifanyia kazi" hadi siku ya mwisho ipite.

Bima ya lazima ya gari hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi hapo unakidai kwa mwenye gari. Kampuni hiyo pia lazima ipewe notisi ya kesi, kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa, la sivyo inaweza kukataa kulipa hata ukishinda.

Kwa nini unaweza kupata pungufu

Fidia ya maumivu hakimu huikadiria kwa kulinganisha na kesi za majeraha yanayofanana. Gharama ulizotumia hulipwa zikithibitishwa moja moja: hakuna risiti, hakuna pesa. Halafu kuna sehemu yako ya lawama. Mahakama ikikuta hasara ni shilingi milioni 1, lakini nawe ulichangia asilimia 20, unaondoka na 800,000.

Kwa hiyo ufanye nini?

Siku ileile, au ndugu yako akusaidie: piga picha za eneo, namba ya gari na stika ya bima. Chukua namba za simu za mashahidi, na mwombe kila mmoja aandike alichoona kwa maneno yake mwenyewe kabla hamjajadiliana. Ripoti polisi upate namba ya OB, baadaye abstrakti na fomu ya P3. Nenda hospitali hata kama "ni maumivu kidogo tu". Weka kila risiti, hata ya teksi ya kwenda kliniki. Jina la mwenye gari utalipata kwenye rekodi za NTSA; mara nyingi yeye ndiye anayebeba makosa ya dereva aliyemwajiri.

Na ukiletewa karatasi ya kusaini ili upewe pesa haraka, isome mpaka mwisho. Ikisema umepokea malipo kamili na ya mwisho, ukisaini umefunga mlango. Mguu ukihitaji upasuaji mwingine mwakani, bili ni yako. Mwonyeshe wakili kwanza.