Kabla Hujashika Ile Kamba, Ngoja Nikuambie

Hebu nikuulize. Upande mmoja kuna wasee wanane wa jimu, vifua kama milango. Upande wa pili ni vijana wanane wa mkokoteni, wamekonda, wengine wamevaa akala. Pesa yako unaweka wapi? Mimi niliweka mia mbili kwa jimu. Ilikuwa sikukuu huku Kayole, zawadi ni mbuzi. Hata dakika haikuisha, wasee wa jimu walikuwa wameburutwa kwenye vumbi.

Nikaanza kuufuatilia huu mchezo wa kuvuta kamba (chuo niliachia mwaka wa pili karo ilipokwama, kwa hivyo muda ninao). Kumbe ulikuwa kwenye Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920! Mwaka wa 1908 kule London, Wamarekani walivutwa na polisi wa Liverpool, wakalalamika kwamba wale jamaa walikuwa na viatu vizito kupita kiasi. Na hapa kwetu, michezo ya wafanyakazi wa kaunti, ile ya KICOSCA, huwa na kuvuta kamba. Utaona karani wa ofisi akichimba ardhi kwa visigino.

Kelele za viatu zina maana. Kamba ikishakaza, nguvu inayopita ndani yake ni ile ile pande zote mbili. Anayeshinda ni yule ambaye miguu yake imeshika ardhi zaidi. Wasee wa jimu walisimama wima wakavuta kwa mikono, kila mtu na wakati wake. Wale wa mkokoteni waliinama nyuma, mikono imenyooka, wakasukuma ardhi kwa miguu, hatua ndogo ndogo, mmoja wao akihesabu. Hiyo ndiyo kazi yao kila siku, sema tu siku hiyo mzigo ulikuwa na vifua.

Sasa hii ndiyo ilinifanya niandike. Raundi iliyofuata timu moja ilikosa mtu, nikaingia. Nikazungusha kamba kiganjani mara mbili ndiyo isiniteleze. Walipovuta, kamba ikakaza juu ya vidole na sikuweza kuachia. Nilipiga nduru, lakini nani atasikia nduru kwenye mchezo wa nduru? Wiki tatu sikuandika kitu, na kuandika ndiko kunaniletea unga.

Na mimi nilibahatika. Mwaka wa 1997 kule Taipei, Taiwan, zaidi ya watu 1,600 walivuta kamba moja. Ikakatika. Wanaume wawili waling'oka mkono kila mmoja, madaktari wakalazimika kuirudisha.

Kwa hivyo wewe unayepanga michezo ya chama, ya kanisa au ya base yenu: wanane kwa wanane wanatosha, mshindi ni anayevuta wenzake mita nne. Tafuta kamba nene ya katani, si ile ya nailoni ya kuanikia nguo. Nailoni hunyooka, na ikikatika hurudi kama kiboko. Asiwepo wa kujifunga kamba mkononi wala kiunoni. Na refa awe mtu anayeangalia mikono, si mbuzi.

Marudiano yanakuja. Nasikia wasee wa jimu wamenunua gambuti. Kidole changu cha pete bado hakikunjiki vizuri, kwa hivyo nitakuwa pembeni na mia mbili yangu, upande wa mkokoteni.