Mshale Uko Katikati, Gasketi Inaungua

Mwezi wa Julai mjini Njombe dereva huwasha gari akiwa na koti zito na kofia ya sufu. Mji uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingine majani huamka na sakitu. Mtu angedhani huku ndiko injini kuukuu zingekuja kupumzika. Lakini Land Rover 109 na pikapu za Peugeot zilizosalia kwenye barabara ya Njombe hadi Makambako hufunguliwa hedi kwa sababu ile ile inayowasumbua watu wa Dar es Salaam: gari limechemsha, gasketi imeungua.

Gasketi ya hedi hukaa kati ya bloki na silinda hedi. Kazi yake ni kuuzuia moto usitoke ndani ya silinda, na wakati huo huo kutenganisha maji na oili vinavyopita milimita chache tu pembeni. Ikitoka kwenye injini iliyochemka, mara nyingi utaona mstari mweusi kati ya silinda ya pili na ya tatu, pale ukuta unapokuwa mwembamba na joto kali zaidi. Zile za zamani zilikuwa shaba au bati lililofunika asbesto, kwa hiyo fundi, usiikwangue kavu. Ilowanishe kwanza, vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Adui wake mkubwa ni kutanuka kwa chuma. Aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Chukua hedi ya aluminiamu yenye urefu wa sentimita 50: kutoka nyuzi 5 za asubuhi ya Njombe hadi nyuzi 95 za kazini, huongezeka milimita 1 hivi, huku bloki ya chuma chini yake ikiongezeka nusu milimita tu. Tofauti hiyo huisugua gasketi kila unapowasha na kuzima. Ndiyo hali ya Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ina hedi na bloki vyote vya chuma cha kusubu, vinatanuka sawasawa, na ndiyo maana huvumilia mateso mengi kabla ya kulalamika.

Kisha kuna mlima wenyewe. Mjini Njombe maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzi 93, si 100. Kinachookoa injini ni mfuniko wa rejeta: ukiwa mzima na umeandikwa 0.9, yaani kipimo cha mbano wake, hubana maji yasichemke hadi karibu nyuzi 115. Mfuniko ukiwa umelegea mpira wake, dereva amebaki na zile 93, na injini iliyobeba magunia ya viazi ya lumbesa inafika huko bila shida yoyote. Hewa nayo ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Injini inakosa nguvu, dereva anakanyaga zaidi kwa gia ndogo, na feni inasukuma hewa isiyobeba joto vya kutosha.

Hapa wengi hung'oa thamostati, eti gari lipoe. Ushauri huu umeua injini nyingi, na kwa nyanda za baridi ni mbaya maradufu. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata moto, oili inabaki nzito, silinda zinalika, na hedi inakaa muda mrefu ikiwa moto upande mmoja na baridi upande mwingine. Thamostati nzima ya nyuzi 82 hufunguka yenyewe kwa nta iliyomo ndani. Ikikwama, nunua nyingine.

Udanganyifu mkubwa zaidi uko kwenye dashibodi. Geji ya joto haipimi hedi. Inapima maji yanayoigusa sensa. Hozi ikipasuka na maji yakaisha, sensa inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kutulia katikati au hata kushuka wakati hedi inapinda. Dereva anaona usalama, anaendelea hadi Makambako, na anafika na moshi mweupe. Tena katika Land Rover za Series III, geji ya joto na ya mafuta hulishwa na kidhibiti kimoja cha umeme nyuma ya dashibodi. Ukiona tangi lako la nusu ghafla linasoma limejaa na joto nalo limepanda, shuku kidhibiti au waya wa ethi kabla ya kufungua injini.

Dawa ni kupima chuma chenyewe. Sensa ndogo ya pete hufungwa chini ya boliti kwenye hedi, karibu na silinda za katikati, ikiunganishwa na geji ya namba yenye king'ora. Endesha gari likiwa zima, jua namba yake ya kawaida ukipanda na mzigo, kisha weka king'ora nyuzi chache juu ya hapo. Ongeza kengele ya kiwango cha maji kwenye rejeta, kwa sababu hiyo hulia kabla joto halijapanda.

King'ora kikilia, simama, zima, usifungue mfuniko na usimwagie hedi maji baridi. Subiri injini ipoe. Na ukienda dukani kununua mfuniko mpya, soma namba ya ule wa zamani. Rejeta iliyoundwa kwa 0.6 ikifungwa mfuniko wa 1.1, itakayopasuka ni rejeta.